Korona Nairobi: Nani Haswa Aliugua, na Dalili Zilikuwa Gani?

Uliza msee yeyote pale stage ya 56 Kawangware kama alishika korona 2020, atakucheka. Hiyo ilikuwa ya mababi, atakuambia. Na kwa mwanzo ako sawa: kesi ya kwanza Kenya, iliyotangazwa Machi 13, 2020 na waziri wa afya Mutahi Kagwe, ilikuwa ya msafiri aliyetoka Marekani kupitia London. Ilikuja na ndege. Lakini Lavi na Kawangware ni majirani, na wanaofua, kupika na kulinda huko Lavi hurudi mtaa jioni.

Sasa cheki hesabu. Kufika mwisho wa Julai 2020, Kenya ilikuwa imeripoti kesi kama 20,000 na vifo 341. Kumbe watafiti wa KEMRI-Wellcome walikuwa wamepima damu iliyotolewa na watu kati ya Aprili na Juni, wakitafuta kingamwili, ile alama mwili hubaki nayo ukishaambukizwa. Nairobi, watu kama 7 kwa kila 100 walikuwa nayo. Novemba, utafiti mwingine wa nyumba kwa nyumba hapa Nairobi ukapata karibu 35 kwa 100. Mtu mmoja kwa kila watatu, maze, na wengi hawakujua.

Hawakujua kwa sababu wengi waliopatikana nayo hawakuwa na dalili yoyote, na mtaa umejaa vijana. Walioonyesha dalili walipata homa, kikohozi kikavu, mwili kuchoka, wengine wakakosa kunusa hata omena ikikaangwa mlango wa pili. Waliolemewa zaidi ni wazee, na watu wa sukari na presha. Kwa hao, shida ya kupumua mara nyingi ilianza kama wiki moja baada ya dalili za kwanza, wakati kila mtu kwa keja anadhani mgonjwa ameanza kupona. Hapo ndipo mgonjwa alihitaji oksijeni, haraka.

Kupimwa nayo ilikuwa story ingine. Serikali ilipoleta vipimo vya bure Kawangware na Eastleigh, watu walijitokeza wachache. Walihofia karantini. Wiki za kwanza ulipelekwa huko na bado unalipa mwenyewe, mpaka Mei 2020 serikali ilipofuta hiyo malipo. Na kujitenga nyumbani utafanyaje, familia nzima iko kwa chumba kimoja, choo ni ya ploti, na mama mboga asipofungua kibanda hakuna kula?

Ule utafiti wa Novemba ulikadiria vifo kama 40 kwa kila watu 100,000 walioambukizwa, idadi ndogo sana ukilinganisha na Ulaya. Lakini hiyo inategemea vifo vilivyoripotiwa. Mzee wa Kibera aliyefia kwa keja bila kupimwa, akasafirishwa ushago kuzikwa, hayuko kwa hiyo 40.