Mume, Mke na Kodi: Funzo Kutoka Kenya

Katika nchi jirani ya Kenya, swali la kama mume na mke wakadiriwe kodi kwa pamoja au kila mmoja peke yake halikuwa jambo la makarani wa mapato tu. Lilikuwa swali la nani anatambuliwa na dola kuwa mtu kamili. Historia ya swali hilo ilianzia mlangoni pa kibanda cha nyasi.

Mwaka 1901 wakoloni wa Kiingereza walitunga kanuni za kodi ya kibanda. Kwa mila za makabila mengi, kila mke alikuwa na nyumba yake. Basi mume wa wake watatu alidaiwa mara tatu, na mke hakuonekana katika daftari ila kama kibanda cha mumewe. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili vijana wasio na nyumba nao wasiepuke. Serikali ilitaka fedha. Lakini ilitaka pia kuwasukuma wanaume kwenda kuajiriwa katika mashamba ya walowezi. Walowezi wenyewe, walipotakiwa kulipa kodi ya mapato, waliipinga mpaka ikafutwa mwaka 1922. Haikurudi hadi mwaka 1937.

Mwaka huo huo wa 1922 uchungu ulifurika. Harry Thuku, aliyepinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa. Tarehe 16 Machi umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea na kuwasukuma mbele. Risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitangaza vifo 21. Wananchi walitaja idadi kubwa zaidi. Mwanamke ambaye daftari la kodi lilimhesabu kama kibanda alikufa akidai haki ya taifa zima. Na miongoni mwa waliofyatua risasi walikuwamo askari Waafrika, wana wa nchi iliyokuwa ikikamuliwa kodi hiyo hiyo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, bendera ilibadilika, lakini mawazo ya zamani hayakuondoka yote katika vitabu vya sheria. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1799 ili kugharimia vita dhidi ya Ufaransa, na kwa muda mrefu ilihesabu mapato ya mke kuwa ya mumewe. Wazo hilo liliingia katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya ya mwaka 1973: mapato ya mke aishiye na mumewe yalihesabiwa kuwa ya mume.

Athari yake ilikuwa nzito. Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi. Kadiri mapato yanavyokuwa makubwa, ndivyo sehemu ya juu inavyotozwa kiwango kikubwa zaidi. Mshahara wa mwalimu wa kike ulipojumlishwa juu ya mshahara wa mumewe, ulianza kukatwa kwenye ngazi ya juu, wala si ile ya chini. Tena mume ndiye aliyeandika hesabu, na mke alilazimika kumfichulia kila senti. Marekebisho ya baadaye yalimpa mke hiari ya kuwasilisha hesabu yake mwenyewe kwa mapato ya ajira, ya taaluma na ya kazi zake binafsi. Hata hivyo, mke ndiye aliyepaswa kuomba kutengwa. Mume hakuombwa lolote.

Uingereza yenyewe iliacha utaratibu huo mwaka 1990, ikaanza kumkadiria kila mwanandoa peke yake. Nayo Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, iliandika kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja.

Funzo kwa walinzi wa usalama liko wazi. Kodi ni damu ya taifa: ndiyo inayolipa mishahara, sare na risasi. Lakini kodi isiyomtambua mlipaji huzaa chuki, na chuki hiyo hatimaye huishia mlangoni pa kituo cha polisi. Kuni za moto wa mwaka 1922 zilikusanywa katika madaftari, kibanda baada ya kibanda, miaka mingi kabla askari hajainua bunduki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.