Miembe ya Waungwana na takataka za uwanja

Ukitoka Kabambare kuja Kasongo, kijiji cha zamani unakitambua kabla ya kuona nyumba. Ni miembe inayokuambia. Mahali pengine nyumba zilikwisha kuanguka, watu walihama, lakini miembe ingali imesimama kwa mistari. Katika kurasa hizi tungependa kusema jambo moja dogo juu ya miti hiyo: namna tunavyoitunza chini, kwenye mizizi, na kwa nini mingi inakauka mbele ya macho yetu.

Mwembe haukuota hapa wenyewe. Asili yake ni upande wa India. Ulifika pwani, kiisha ukafuata njia ya pembe na ya watumwa: Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika, Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Njia hiyo tunaijua kwa uchungu wake. Livingstone alilala Kabambare miezi mingi mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu, na tarehe 15 Julai 1871, kule Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa soko wakipigwa risasi. Ni watu wa njia ile ile waliotuletea mpunga, machungwa na maembe. Tippu Tip aliweka makao yake Kasongo kuanzia mwaka 1875. Wakati majeshi ya Dhanis yaliuingia mji, tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao Hinde alistaajabia bustani: machungwa, mapera, makomamanga. Aliandika kwamba alipita saa moja na nusu juu ya mnyama wake ndani ya shamba moja tu la mpunga. Mji ule leo tunauita Tongoni, na jina lenyewe linasema: ni mahame.

Njo maana vijana wengine wanatuambia darasani: «Mwalimu, ile ni miti ya wauza-watu, tuikate tu.» Swali lao si la kipumbavu. Lakini tunawajibu kwamba Waungwana walipanda mbegu, na waliochota maji ya kuimwagilia walikuwa mababu zetu, mara nyingi kwa nguvu. Kivuli kile ni jasho lao. Ukikata mti, unayemnyang'anya si Tippu Tip.

Sasa tuje kwenye ufagio. Sisi sote tulilelewa kujua kwamba uwanja safi ni uwanja mwekundu, udongo mtupu, hakuna hata jani moja. Sababu zipo: nyoka, mbu, heshima ya mgeni. Lakini serikali nayo ilitusukuma. Wakati wa Wabelgiji, mtu wa usafi alipita kukagua viwanja. Miaka ya 1970, nyakati za Mobutu, ikaja salongo, na mwenye majani mlangoni alijua kitakachomkuta. Basi mama anafagia asubuhi, anakusanya majani ya mwembe, anayachoma. Kesho vile vile. Ukifanya hivyo miaka hamsini, mvua inakula udongo kidogo kidogo mpaka mizizi inatoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Watu wanaikalia kama viti! Udongo umekuwa mgumu kama simiti, maji hayaingii, na kiangazi kikifika mwezi wa sita matawi ya juu yanaanza kukauka.

Msituni hakuna anayefagia. Majani, vijiti, magome, vyote vinaanguka na kuoza palepale, na chini ya tabaka hilo udongo unabaki na unyevu. Bibi mmoja jirani yetu hakusoma kitabu chochote cha kilimo, lakini maganda ya mpunga pamoja na mabaki ya kupasua kuni alikuwa anayamwaga chini ya mchungwa wake. Tulifikiri ni uvivu wa kwenda jalalani. Mchungwa wake ulizaa wakati yetu imekauka.

Siku moja sisi walimu tukataka kumwiga. Wapasua mbao walituachia vipande na unga wa mbao, tukapeleka wanafunzi, wakarundika kila kitu juu ya shina mpaka kwenye kiuno cha mtu. Kazi ilipendeza macho. Baada ya miezi, mchwa walijenga ndani ya rundo, gome likaoza, na mwembe mmoja tukaupoteza. Kosa lilikuwa letu, si la mbao. Shina lazima lipumue: acha nafasi ya mkono mzima kulizunguka, kisha tandaza vipande kwa unene wa vidole vinne au vitano, ukienda mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia, kwa maana mizizi midogo inayokula iko mbali na shina. Unga wa mbao mbichi usiuchanganye na udongo. Ukioza unanyang'anya mti chakula, na majani yanageuka manjano. Uache juu tu, tabaka jembamba, pamoja na majani na maganda ya mpunga. Na kila wiki chokoa uone kama mchwa wameingia. Sehemu ya kupitia na ya kukaa, fagia kama kawaida. Hakuna anayekataza usafi.

Mti mkubwa ukifa, haurudi kwa mwaka mmoja. Ule mwembe wa Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 ulikwisha kufa. Inayoonyeshwa leo ni watoto wake. Kwetu hata watoto hatuwapandi, na mwembe ukianza kuzeeka mtu wa makala anakuwa ameshafika na shoka kuuliza bei.

Miembe miwili iliyobaki katika uwanja wetu tuliizungushia mawe, ili wanafunzi wasikanyage matandazo. Mama mfagiaji alinuna wiki ya kwanza. Sasa majani anayoyafagia anayatupa mwenyewe ndani ya mawe yale, na kiangazi kilichopita hakuuliza tena kiberiti kiko wapi.