Finale Imefungwa: Historia Fupi ya Kuhamahama kwa Nota

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba imeacha kuiendeleza Finale, programu ya kuandikia nota iliyokuwa sokoni tangu 1988. Nililisoma tangazo hilo usiku, simu mkononi, na kilichonijia kichwani hakikuwa kampuni wala programu. Ilikuwa flashi moja nyekundu iliyolala kwenye droo yangu.

Flashi hiyo niliachiwa na familia ya mwalimu wetu wa kwaya baada ya msiba wake. Ndani yake mna nyimbo sitini na kitu, zote kaziandika mwenyewe, zote kwa Finale. Nyingine tunazo kwenye karatasi zilizochakaa pembe. Nyingine hazikuwahi kuchapwa. Mwalimu alikuwa mtu wa kusema, "Hii bado, nitairekebisha." Basi akaondoka kabla ya kurekebisha.

Kwa hiyo makala hii inaonekana ni ya kompyuta, lakini wewe unayependa maandishi itakuhusu tu. Inauliza swali la zamani: maandishi yakihama nyumba, nani anayabeba, na nini kinabaki nyuma?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1501, Venice, Ottaviano Petrucci alichapa kitabu cha kwanza cha muziki wa sauti nyingi kwa herufi za chuma zinazohamishika. Kazi yake ilikuwa safi mno, lakini ilikuwa na adha yake: karatasi moja ilibidi ipite kwenye mashine zaidi ya mara moja. Mistari kwa zamu yake, nota kwa zamu yake. Ukikosea kidogo tu kuipanga karatasi, nota inakaa mahali si pake na wimbo unageuka mwingine. Baadaye wakaja mafundi wa kuchonga nota kwenye sahani za bati kwa mhuri na nyundo, tena kinyumenyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Mtu alijifunza kazi hiyo miaka kadhaa kabla ya kuaminiwa ukurasa.

Huku kwetu tulipata njia ya mkato. Wamisionari walileta solfa, ile ya do re mi kwa herufi, aliyoianzisha Sarah Glover wa Norwich na ambayo John Curwen aliirekebisha na kuisambaza kuanzia miaka ya 1840. Uzuri wa solfa ni kwamba inaandikwa kwa herufi za kawaida, nukta na mistari. Taipureta ya ofisi ya parokia inatosha. Ukiwa na stensili na wino, kwaya nzima inapata nakala. Wapo wazee wetu ambao mpaka leo ukiwapa mistari mitano wanakutazama, ukiwapa solfa wanaimba papo hapo. Nao hawakosi elimu ya muziki. Wamesomea nyumba nyingine tu.

Kompyuta ilipoingia, haikuingia kwa upole. Leland Smith, mtunzi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alianza miaka ya 1970 kutengeneza programu iliyokuja kuitwa SCORE. Hukuwa unachora kitu kwenye skrini. Ulikuwa unaandika kwa misimbo: kwanza sauti zote, kisha urefu wa kila nota, kisha alama, kisha mikia inayounganisha nota, kisha pinde. Zamu tano. Nilipojifunza hilo nilimkumbuka Petrucci na karatasi yake inayorudi mashineni. Karne karibu tano zimepita, na bado wimbo unapita mlangoni vipande vipande. Lakini kurasa za SCORE zilikuwa nzuri kiasi kwamba wachapishaji wakubwa waliitumia kwa miaka mingi.

Halafu 1988 ikaja Finale. Aliyeiandika ni Phil Farrand, kwa kampuni ya Coda, ambayo ndiyo baadaye ikawa MakeMusic. Wapenzi wa vitabu mtafurahia hili: Farrand huyohuyo baadaye alijulikana kwa vitabu vyake vya kuchambua makosa madogomadogo katika filamu za televisheni za Star Trek. Nikifikiria sielewi kwa nini nilishangaa. Mtu wa kuhesabu makosa ya wengine ndiye hasa anayefaa kuandika programu ya nota, kwa sababu nota ni kazi ya mambo madogo. Nukta moja ikisogea, besi wanaingia mapema na ibada inaharibika.

Uingereza nako mapacha wawili, Jonathan na Ben Finn, walikuwa wanatengeneza ya kwao tangu wakiwa bado wanafunzi. Walitoa Sibelius mwaka 1993, kwa kompyuta za Acorn, wakiwa wameiandika kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe, ndiyo maana ilikuwa na kasi ya ajabu. Jean Sibelius alikuwa mtunzi wa Finland, na wao jina lao ni Finn, yaani Mfini. Utani wa nyumbani uliogeuka jina la biashara. Kompyuta za Acorn zilipokuwa zinafifia, Sibelius ilihamia Windows mwaka 1998, kisha Macintosh. Mwaka 2006 ikauzwa kwa Avid.

Hapo ndipo hadithi inapoanza kufanana na riwaya. Mwaka 2012 Avid iliifunga ofisi ya London iliyokuwa ikitengeneza Sibelius na kuwaachisha kazi waliokuwamo. Programu haikufa, ilikabidhiwa watu wengine na ipo mpaka leo. Lakini wale walioachishwa, wakiongozwa na Daniel Spreadbury, walichukuliwa na Steinberg, kampuni ya Ujerumani, wakaambiwa waanze moja. Miaka karibu minne baadaye, Oktoba 2016, wakatoa Dorico. Jina hilo ni la Valerio Dorico, mchapaji wa Roma wa karne ya 16 aliyechapa kazi za Palestrina. Yaani watu waliofukuzwa nyumbani walijenga nyumba mpya wakaipa jina la mchapaji wa kale, kama wanaosema: sisi ukoo wetu unaanzia mbali.

Na pembeni ya hao wote palikuwa na Mjerumani mwingine, Werner Schweer, ambaye mwaka 2002 alichomoa sehemu ya nota kutoka programu yake ya kurekodia muziki, akaifanya programu inayojitegemea. Ikawa MuseScore. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mwalimu wa kwaya mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kuandika sauti nne bila kumlipa mtu hata senti. Fonti yake ya nota ya siku hizi inaitwa Leland, kwa heshima ya yule mzee wa SCORE. Hata humu wanaheshimu mababu.

Sasa, kuhama. Wasiowahi kuandika nota kwa kompyuta hudhani ni kama kubadili simu: siku mbili umezoea. Wapi! Ngoja nikupe mfano mmoja tu. Nota ya pigo moja, ile ya kawaida kuliko zote, kwenye Finale unaipata kwa kubonyeza 5. Kwenye Sibelius ni 4. Kwenye Dorico ni 6. Mtu aliyezoea Finale miaka kumi na tano akihamia Dorico, vidole vyake vinabonyeza 5 vyenyewe, na kila nota inatoka nusu ya urefu wake. Akihamia Sibelius na kubonyeza 5 ileile, inatoka mara mbili. MuseScore ina namba sawa na Finale, ukadhani umepona. Umekwisha! Kwa njia ya haraka ya Finale niliyoizoea mimi, unaitafuta sauti kwanza kisha unabonyeza urefu. MuseScore kwa kawaida inataka urefu kwanza kisha sauti. Ni kama kuhamia mji ambako watu wanataja jina la baba kabla ya jina la mtu. Maneno ni yaleyale, lakini kila ukiitwa unachelewa kuitika.

Mimi wiki ya kwanza nilitaka kuacha. Nilikuwa naandika wimbo mfupi wa Komunyo, vipimo thelathini na mbili, kazi ambayo zamani ningeimaliza kabla ya chai ya jioni. Ilinichukua siku tatu. Na kilichoniuma si muda. Ni kujiona mjinga katika jambo ninalolijua. Baadaye nikagundua kitu: ujinga ule ulinilazimisha kuwaza upya. Dorico, kwa mfano, haikuulizi kwanza una mistari mingapi. Inakuuliza wanaopiga au kuimba ni akina nani. Swali hilo lilinisimamisha. Miaka yote nilikuwa naandikia mistari, siyo watu.

Swali kubwa zaidi ni la vile ulivyokwisha kuandika. Faili ya programu moja haifunguki kwenye nyingine. Kila nyumba ina kufuli yake. Mwaka 2000 Mmarekani Michael Good alianzisha kampuni ya Recordare, na 2004 akatoa toleo la kwanza kamili la MusicXML. Huu ni mtindo wa kuuandika wimbo kama maandishi ya kawaida ambayo programu yoyote inaweza kuyasoma. Mwaka 2011 MakeMusic wenyewe waliinunua mali hiyo, kisha 2015 wakaikabidhi kwa kikundi cha W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Waliojenga nyumba yenye kufuli ndio pia walioshika ufunguo wa mlango wa nyuma, na sifa hiyo wapewe.

Lakini MusicXML haibebi kila kitu. Inabeba sauti, urefu, maneno, funguo. Mpangilio wa ukurasa mara nyingi unavurugika. Kitu ambacho mwandishi alikibandika tu kwa mkono, kwa sababu programu haikuwa na njia nyingine, kinafika kikiwa maandishi yanayoelea. Solfa ya mwalimu, aliyokuwa akiipanga herufi kwa herufi chini ya mistari kwa ajili ya wazee, ni mojawapo.

Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Tungo zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hiyo kwa asili haina herufi za p wala v, na irabu zake haziwezi kutenga e na i, wala o na u. Waandishi wa pwani waliziba mapengo kwa mbinu zao, lakini msomaji ilibidi alete nusu ya maarifa kutoka kichwani. Ndiyo sababu kuhamishia tungo kwenye herufi za Kirumi haikuwa kazi ya karani. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kumweleza William Taylor maana zake, mpaka William Hichens akaja kuyachapa mwaka 1940. Karne nzima kati ya kifo na chapa! Kilichoyavusha mashairi ni mtu aliyeyajua. Hati peke yake isingetosha.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Nilipata rafiki mwenye Finale kwenye kompyuta yake ya zamani. Tukaipa folda nzima ya mwalimu igeuzwe kuwa MusicXML, nami nikazifungua nyimbo moja moja kwenye MuseScore. Nyingi zilifika salama. Moja ikafika na silabi za alto zikiwa zimesogea, na nota moja ndefu mno ambayo nilidhani ni kosa la safari. Nikaifupisha. Jumapili nikampelekea mama mmoja mzee wa alto, aliyeimba chini ya mwalimu tangu ujana wake. Akatazama solfa, midomo ikicheza bila sauti, akaweka kidole pale.

"Mwanangu, hapa nani amekata?"

"Mimi, mama. Nilidhani ni kosa."

"Si kosa. Hapa alitaka tushikilie mpaka besi waingie. Alitugombeza nayo mwezi mzima."

Nikarudisha.

Kwa hiyo ninayo mawili ya kukwambia, ndugu msomaji, nawe huenda una nyimbo, mashairi au kumbukumbu za mtu kwenye flashi mahali fulani. La kwanza ni la mikono: hamisha sasa, wakati kompyuta ya zamani bado inawaka. Weka nakala ya MusicXML, weka ya PDF, na uchapishe karatasi. Usijidanganye kwamba programu ya bure inakuokoa na haya; hata MuseScore yenyewe, wimbo wa toleo la 3 ukiufungua kwenye la 4, waweza kukuta mistari imejipanga vingine. Kila nyumba ina siku yake.

La pili ni la watu: kaa na wanaoujua wimbo wakati bado wapo. Nimebakiza nyimbo kumi na tisa. Kila Jumapili baada ya misa ya pili ninakaa na yule mama kwenye benchi la nyuma, karatasi magotini, naye anaimba alto yote peke yake, polepole, nami nafuata kwa penseli.