Kronografu na Mafundi Saa wa Dar es Salaam

Kronografu ni saa ya mkono yenye kazi mbili: inaonyesha majira kama saa nyingine, na inapima muda wa tukio kwa mshale wa sekunde unaoanzishwa, kusimamishwa na kurudishwa sifuri kwa vitufe viwili vya ubavuni. Katika saa ya kutia ufunguo, kazi ya pili hupata nguvu kutoka springi ileile inayoendesha saa. Kitufe cha juu kikibonyezwa, kigurudumu chenye nguzo husogea hatua moja, wenzo huingia kati ya nguzo mbili, na magurudumu yenye meno hushikana. Kitufe cha chini hupeleka nyundo kugonga vipande vyenye umbo la moyo, na mishale hurudi mahali pake papo hapo. Hapo ndipo bei inapoanzia: vipande hivyo vyote hukaa ndani ya saa isiyozidi upana wa kizibo cha chupa kubwa. Chombo cha kwanza cha kupima muda wa tukio kwa namna hii, ambacho hakikuwa saa ya mkono, kilikamilishwa na Mfaransa Louis Moinet mwaka 1816, kwa ajili ya kufuatilia mwendo wa nyota.

Dar es Salaam ilikuwa na sababu zake za kuhesabu dakika. Reli ya Kati ilianza kujengwa mjini humo mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914; bandari na ofisi nazo zilikuwa na ratiba. Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 kuadhimisha mji kupewa hadhi ya jiji, unasimama Mtaa wa Samora unapokutana na Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele na unaoelekea Mnazi Mmoja na Kariakoo. Saa mpya ziliuzwa zaidi katika maduka ya Uhindini. Matengenezo yalifanyika pia barabarani, kwenye kijimeza chenye kioo, fundi akiwa na lenzi jichoni na kibanio mkononi.

Kupima mwendo kwa kronografu kuliwafaa hasa madereva. Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyashinda 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Ukingo wa kronografu nyingi una tarakimu za kasi: gari likimaliza kilomita moja kwa sekunde 30, mshale huangukia 120, yaani kilomita 120 kwa saa. Asomaye majira kwa Kiswahili, anayeona mshale kwenye 7 na kusema saa moja, hana la kugeuza hapa, kwa kuwa hesabu huanza sifuri.

Mwaka 1969 ulileta mambo mawili yaliyopingana. Zenith, Seiko na kundi la Heuer na Breitling walitoa kronografu zinazojijaza kwa mwendo wa mkono. Mwezi Desemba Seiko ikatoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, yaani ya betri inayopimwa kwa mtetemo wa fuwele, kuuzwa madukani. Tanzania haikuyumba mara moja. Uhaba wa fedha za kigeni miaka ya mwanzo ya 1980 ulifanya saa ya zamani itengenezwe badala ya kutupwa, hata kwa spea zilizong'olewa kwenye saa nyingine. Baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa 1984, saa za betri zilijaa sokoni, na kazi kubwa ya fundi ikawa kubadilisha betri na mikanda.

Saa nyingi zenye sura ya kronografu zinazouzwa Kariakoo leo ni za betri, na baadhi zina vijiduara vya kuhesabia muda vilivyochorwa tu. Mshale wa sekunde ndio unaozisaliti: kwenye betri kwa kawaida huruka mara moja kwa sekunde, ilhali kwenye mashine ya Zenith ya 1969 husogea hatua kumi kwa sekunde. Mnunuzi na abonyeze vitufe vyote viwili kabla ya kulipa.