Picha za Brugge na Ghent kama Chanzo cha Historia

Dada yangu alipotembelea Ubelgiji wakati wa likizo alinitumia picha za Brugge: mifereji, nyumba za matofali, na daraja dogo la mawe karibu na Kanisa la Mama Yetu. Chini ya picha ya daraja aliandika "Zama za Kati", nami nikaamini. Kumbe daraja hilo, liitwalo Bonifacius, lilijengwa mwaka 1910.

Mifereji yenyewe ni ya kale kweli. Brugge ilitajirika kwa biashara ya sufu na vitambaa, hadi mkono wa bahari wa Zwin ulipojaa mchanga na wafanyabiashara wakahamia Antwerp. Umaskini uliofuata ndio uliosaidia nyumba nyingi kubaki, maana fedha za kubomoa na kujenga upya zilikuwa haba.

Ngome ya Gravensteen mjini Ghent ndiyo inayonisumbua zaidi. Philip wa Alsace aliijenga mwaka 1180. Baadaye ikawa mahakama, gereza, kisha kiwanda cha pamba, na familia za wafanyakazi zikaishi humo humo. Ilipokarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 1907, alama za kiwanda zilikuwa zimeondolewa na sehemu za kuta zimejengwa upya. Katika picha ya dada anaonekana mtawala tu. Wafanyakazi wa pamba hawamo.

Kwa hiyo picha zile nazitumia kama ushahidi wa namna Wabelgiji wa mwaka 1900 hivi walivyotaka kuziona Zama za Kati. Dada bado hajakubali kubadilisha maelezo yake.