Oxford Barani Asia: Chuo Kikuu au Duka?

Kamusi ya Kiingereza ambayo wengi wetu tuliifungua kwa mara ya kwanza tukiwa sekondari, ile yenye jina la Oxford na la Hornby, haikuzaliwa Oxford. Ilizaliwa Japani. Albert Sydney Hornby alikwenda kufundisha katika mji wa Oita mwaka 1924, na huko Japani, pamoja na wenzake Gatenby na Wakefield, akaandaa kamusi iliyolenga shida halisi ya anayejifunza lugha ya kigeni: si kujua maana ya neno tu, bali kujua neno hilo linakaaje ndani ya sentensi. Aliyeichapa kwanza ni kampuni ya Kijapani, Kaitakusha ya Tokyo, mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zikipigana vita. Oxford University Press iliitoa kwa jina lake mwaka 1948, na tangu hapo kamusi hiyo na matoleo yaliyoifuata yameuzwa kwa makumi ya mamilioni ya nakala.

Naanza na kamusi hiyo kwa sababu historia ya shirika hili barani Asia husimuliwa mara nyingi kana kwamba elimu ilisafiri kutoka Oxford kwenda mashariki na shukrani zikarudi magharibi. Vitabu vya hesabu za biashara vinasimulia vingine.

Tawi la Bombay lilifunguliwa mwaka 1912 na kijana aliyeitwa E. V. Rieu. Longman na Macmillan walikuwa wamemtangulia, na soko lenyewe lilikuwa limeandaliwa na dola. Mwaka 1835 utawala wa Kiingereza uliamua, kwa ushauri wa Macaulay, kugharimia elimu ya Kiingereza. Mwaka 1857 vikaanzishwa vyuo vikuu vya Calcutta, Bombay na Madras, na pamoja navyo mitihani ya kujiunga. Kitabu kilichoteuliwa kwa mtihani kilinunuliwa na kila mtahiniwa, mwaka hadi mwaka, apende asipende. Ambacho hakikuteuliwa kiliweza kuwa kizuri mno na bado kikaliwa na mchwa ghalani. Mteja wa kweli wa mchapishaji, kwa hiyo, hakuwa msomaji. Alikuwa ni kamati ya mitaala. (Rieu mwenyewe baadaye aliitafsiri Odyssey ya Homer, na tafsiri hiyo ndiyo iliyoufungua mwaka 1946 mfululizo wa Penguin Classics, vitabu vya bei nafuu kwa watu wasio na mtihani wowote mbele yao. Huenda Bombay ilimchosha.)

Isidhaniwe kuwa tawi hilo liliuza vya wengine tu. Mwaka 1944 lilitoa kitabu cha Jim Corbett kuhusu chui-milia wala watu wa Kumaon, kikaenea kutoka Bombay hadi London na New York. Kwa mara nyingine bidhaa ilitoka Asia, na jina la juu ya jalada likabaki lilelile.

Uhuru haukulifunga soko, uliliongezea madarasa. Serikali mpya zilijenga shule kwa kasi ambayo mkoloni hakuifikiria, na nyingi zikakiacha Kiingereza palepale kilipokuwa, mlangoni pa chuo kikuu na pa ajira. Oxford ikafuata mipaka mipya: Pakistan mwaka 1952, Kuala Lumpur mwaka 1957, Hong Kong mwaka 1961. India ilipounda baraza lake la kitaifa la utafiti na mafunzo ya elimu, NCERT, mwaka 1961, na dola ikaanza kuandika vitabu vyake vya kiada, wachapishaji wa nje walibaki na kamusi, shule binafsi na vyuo vikuu. Hilo lilikuwa fungu nono bado.

Sasa, shirika hili kisheria ni idara ya Chuo Kikuu cha Oxford. Halina wanahisa. Kwa hoja hiyo liliomba lisitozwe kodi ya mapato nchini India, likisema ni sehemu ya chuo kikuu. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India, kwa wingi wa majaji, ilikataa: ndani ya India halikuwa likifundisha mtu yeyote, lilikuwa likichapa na kuuza vitabu. Sijui kama kuna sentensi nyingine iliyofupisha vyema zaidi karne nzima ya ukuaji.

Mwaka 2012 swali lilirudi kwa sura mbili. Julai, Benki ya Dunia iliyazuia matawi yake ya Afrika Mashariki na ya Tanzania kwa miaka mitatu kushiriki miradi inayoigharimia, kwa sababu ya malipo yasiyo halali kwa maofisa wa serikali katika zabuni za vitabu vya shule. Kamati ya mitaala, tena. Agosti, huko Delhi, Oxford pamoja na Cambridge na Taylor & Francis waliishtaki Rameshwari, duka dogo la kudurufu lililo ndani ya chuo kikuu, pamoja na chuo kikuu chenyewe. Kosa lilikuwa kuwafungia wanafunzi katika juzuu moja sura walizoagizwa na wahadhiri wao. Wasomi zaidi ya 300 walitia saini waraka wa kupinga, na miongoni mwao walikuwemo waandishi wa vitabu vilevile vilivyodaiwa kuibwa.

Septemba 2016 Jaji Rajiv Sahai Endlaw alilitupa shauri. Sheria ya India inamruhusu mwalimu na mwanafunzi kunakili katika kufundishana, naye akaona kwamba kufundishana hakuishii ndani ya kuta nne za darasa. Alikumbuka pia jinsi wanafunzi wa enzi zake walivyopokezana maktabani wakinakili sura kwa mkono, jambo ambalo hakuna mchapishaji aliyeliita wizi. Desemba jopo la rufaa liliikubali kanuni hiyo, likaacha lichunguzwe suala la kama kurasa zilizonakiliwa zilihitajika kweli kwa somo. Wachapishaji hawakusubiri uchunguzi huo. Machi 2017 waliliondoa shauri mahakamani.