Mkoba wa Majeruhi

Miongoni mwa vyombo ambavyo askari wa zama hizi hutoka navyo kambini upo mfuko mdogo wa kitambaa kigumu, unaotosha kushikwa kwa viganja viwili, ambao hufungwa kiunoni au kifuani, na ndani yake hutiwa vitu vichache vya kuzuia damu, kufungua njia ya pumzi na kuziba majeraha. Majina yake ya kigeni ni marefu, na mfasiri akiyafuata neno kwa neno hujikuta ameandika "sanduku la huduma ya kwanza la binafsi la kijeshi", ibara ambayo kila neno lake ni la Kiswahili na jumla yake si Kiswahili. Nimekusudia hapa kueleza kwa nini ibara hiyo haifai, na kwa nini ningependa kitu hiki kiitwe mkoba wa majeruhi.

Sanduku, katika mazoea yetu, ni kitu cha mahali. Hukaa ukutani ofisini, chini ya kiti cha dereva wa basi, au kabatini mwa mwalimu mkuu, na aghalabu ufunguo wake yuko nao mtu ambaye siku hiyo hakuja kazini. Mali yake ni ya wote, na mgonjwa hupelekwa lilipo au lenyewe huletwa alipo. Mfuko wa askari ni kinyume cha hayo: hauna mahali ila mwili wa mwenyewe. Fauka ya hayo, majeshi mengi yameamuru kwamba askari wote wa kikosi kimoja waufunge upande mmoja wa mwili, na uwe mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto pia unaweza kuufikia, kwa kuwa hakuna ajuaye ni mkono upi utakaopona.

Lakini neno lililo gumu kuliko sanduku ni "binafsi". Msomaji wa kawaida akilisikia hudhani kwamba kila askari amepewa dawa zake ili awatibu wenzake, kama vile fundi aendavyo na zana zake kazini. Kanuni yenyewe ni kinyume, na ndiyo roho ya kitu hiki: amtibuye mwenzake huufungua mkoba wa yule aliyejeruhiwa, wala hagusi wake mwenyewe. Maana lau angetumia wake, kisha naye akapigwa dakika chache baadaye, yule wa tatu atakayemwinamia angekuta mfuko mtupu. Kwa hiyo mwenye mkoba si mtabibu, bali ni majeruhi. Askari huubeba kwa niaba ya nafsi yake ya saa mbaya, na mikono itakayoufungua huenda ikawa ya mtu asiyemjua hata jina. Najua watakaosema kwamba jina hili lina kisirani, na kwamba kumfunga kijana kiunoni neno "majeruhi" ni kumwombea mabaya. Hoja hiyo naiheshimu kama adabu, siikubali kama hoja. Mbona sanda tunaiita sanda ingali dukani?

Fikira ya kumpa kila askari kitambaa chake ni ya zamani kidogo. Tabibu Mjerumani Friedrich von Esmarch, aliyekuwa mwalimu wa upasuaji mjini Kiel, aliieneza katika karne ya 19 pamoja na kile kitambaa chake cha pembe tatu ambacho juu yake zilipigwa chapa picha za askari waliofungwa majeraha ya kichwa, bega, mkono na mguu, ili hata asiyejua kusoma aigize kwa kutazama. Waingereza nao, katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, walikishonea kitambaa hicho mfuko maalumu ndani ya koti la askari, karibu na pindo la mbele. Hata hivyo, kwa miaka mingi kilichokuwamo kilikuwa vitambaa na pamba tu, vitu vya kufunika jeraha, navyo havikutosha kuuzuia mshipa mkubwa uliokatika.

Mageuzi yaliyoufanya mkoba uwe kama ulivyo leo yalikuja baada ya mwaka 1996, matabibu wa jeshi la Marekani walipochapisha mafunzo mapya ya kutibu majeruhi vitani, wakauliza swali jepesi ambalo halikuwa limepewa haki yake: ni lipi limwualo majeruhi upesi zaidi? Jibu lilikuwa damu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012, juu ya askari wa nchi hiyo waliokufa vitani kati ya 2001 na 2011, ulionyesha kwamba katika wale waliokufa kabla ya kufika hospitali, ilhali majeraha yao yangeweza kuponeka, tisa katika kila kumi waliangamizwa na kutoka damu. Siku hizi vitu vya mkobani hupangwa kwa taratibu ya mauti yenyewe: kwanza damu, kisha njia ya pumzi, kisha kifua, na baridi ya mwili baadaye.

Cha kwanza, basi, ni mshipi wa kubana damu, ambao una kijiti cha kusokotea. Hufungwa mkononi au mguuni, juu ya jeraha kwa kadiri ya vidole vitatu au vinne, usikae kwenye kiungo cha goti wala cha kiwiko, kisha kijiti husokotwa mpaka damu ikome, ingawa majeruhi apige kelele, kwa sababu mshipi usioumiza aghalabu haujabana. Ukiwa mmoja hautoshi, wa pili hufungwa kando yake. Saa ya kufunga huandikwa mahali paonekanapo, hata kwenye paji la uso, na asiye tabibu haulegezi. Wazee wetu waliofunzwa huduma ya kwanza zamani waliambiwa kwamba kifaa hiki hukata viungo, na kwa hiyo kiwe cha mwisho. Hofu hiyo ilikuwa na msingi pale mshipi ulipoachwa siku nzima. Lakini matabibu waliowachunguza majeruhi wa mwaka 2006 katika hospitali ya Baghdad iliyopewa jina la Ibn Sina hawakuona kiungo hata kimoja kilichopotea kwa ajili ya mshipi peke yake, na katika waliofungwa kabla ya mwili kuishiwa nguvu kwa kupoteza damu walinusurika tisa katika kumi, ilhali katika waliofungwa baadaye alinusurika mmoja katika kumi. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni dakika chache, na dakika hizo ndizo zinazomfanya askari aubebe mkoba mwenyewe badala ya kumngojea mtabibu wa kikosi.

Pasipofungika mshipi, yaani kwenye kinena, kwapa au shingo, hutumika shashi. Hushindiliwa ndani ya jeraha hadi chini inakotoka damu, isiwekwe juu juu kama kifuniko cha chungu, kisha hukandamizwa kwa mikono miwili: dakika tatu ikiwa ni shashi iliyotiwa kaolini, ule udongo mweupe uharakishao kuganda kwa damu, na dakika kumi ikiwa ni ya kawaida. Halafu hufuata bendeji ya kukaza. Tundu la kifuani huzibwa kwa kibandiko kisichopitisha hewa, na majeruhi huangaliwa asizidi kushindwa kupumua. Matumbo yaliyotoka hayarudishwi ndani, bali hufunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu. Mkoba pia una glavu, mkasi wa kukatia nguo, mrija wa kupitisha hewa puani, na kalamu.

Limebaki, katika ile ibara ndefu, neno "kwanza", ambalo kimyakimya humwahidi mtu kwamba huduma ya pili iko njiani. Katika nchi ya Katanga, huko Kongo, ahadi hiyo imepata kuvunjika waziwazi. Mto Lufira, ambao baada ya kuzuiwa na bwawa la Mwadingusha umetandaza ziwa Tshangalele karibu na Likasi, una daraja ambalo mwezi wa Septemba 1961 lilikuwa kikomo cha msaada. Likasi wakati ule ikiitwa Jadotville, na kombania moja ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu 150 na ushei chini ya Pat Quinlan, ilizingirwa humo na majeshi ya Katanga tangu tarehe 13 hadi 17. Mara mbili kikosi cha kuwaokoa kilizuiwa kwenye daraja la Lufira. Maji ya mjini yalikatwa, na yale yaliyoletwa kwa helikopta yalikuwa yameharibika kwa petroli iliyobaki katika vyombo. Hakuna aliyekufa katika wao, nao watano walijeruhiwa. Watano hao walikaa na majeraha yao humo mzingironi bila ya njia ya kutolewa, na huduma ya kwanza ikawa ndiyo huduma.

Wavuvi wa Tshangalele hawako vitani, walakini umbali haubagui. Panga lililoteleza, au ukingo wa shimo la wachimbaji uliomporomokea mtu, hutoa damu ileile, na barabara ya kwenda Likasi ni ileile kwa raia na kwa askari. Huko kwa kawaida neno kidonda, au kilonda, hutajwa kwa kila palipochubuka, lakini anayefundisha matumizi ya mkoba afadhali alitenge jeraha na kidonda: jeraha ni la sasa hivi, damu ingali ikitoka, kidonda ni kile kilichokaa, ambacho mkoba hauna dawa yake. Jeraha dogo lisilotoa damu nyingi huoshwa kwa maji yafaayo kunywewa, na hapa maji ya ziwa hayafai, kwani mto Panda huteremsha humo taka za mitambo ya shaba ya Likasi. Jeraha litoalo damu kwa nguvu halioshwi kabisa; hukandamizwa kwa kitambaa safi, hata kikwembe kikiwa ndicho kilichopo, na mwenye jeraha hupelekwa hospitali, ambako ataulizwa pia juu ya chanjo ya pepopunda.

Nawaomba, basi, wanaoandika vitabu vya mafunzo kwa askari na kwa watu wa vijijini, waache sanduku likae ukutani, waandike mkoba wa majeruhi, na mfukoni mwa kila mkoba watie karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, kama alivyofanya Esmarch juu ya kitambaa chake, wakianza na mshipi wa kubana damu na mahali pa kuandika saa.